Tunaomba ufunguo wa chumba kimoja: barua ya wazi kwa wakuu wa Kaunti ya Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana, waheshimiwa wawakilishi wa wadi, na maafisa mnaoshika mafaili ya utamaduni, vijana na huduma za jamii.

Assalaam alaykum. Poleni na kazi.

Mwanangu ana miaka 19. Mpe karatasi na penseli atakuchorea feri ya Likoni, tena ile ile aliyovukia siku hiyo. MV Kwale haichanganyi na MV Likoni, japo zote mbili zilianza kazi mwaka 2010 na zimefanana kama pacha. Mimi nimevuka kivuko hiki tangu nabebwa mgongoni na bado hunibidi nisome jina ubavuni. Yeye anazijua kwa kutu, kwa taa, kwa jinsi ngazi ya kupandia juu ilivyokaa. Honi ikilia huziba masikio kwa viganja viwili na kuinama hadi magotini. Ikinyamaza huinuka akaendelea kuhesabu. Kinachomuumiza ndicho anachokipenda, na nimeacha zamani kumuuliza kwa nini.

Ana usonji. Kitengo maalumu alichosomea kilimfikisha mwisho wa umri wao, tukapigwa picha ya pamoja, tukaambiwa maneno mazuri, tukarudi nyumbani. Tangu hapo ni miaka miwili, na siku yake huenda hivi: chumbani, kibarazani, feri, chumbani. Barua hii inahusu siku hiyo.

Ombi lenyewe naliweka hapa juu kabla hamjachoka kusoma. Mombasa ina kaunti ndogo 6: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Katika kila moja tupatieni chumba kimoja cha kaunti, chenye meza, maji ya bomba na kabati lenye kufuli, kifunguliwe siku mbili kila wiki mwaka mzima, na ndani yake wawemo mafundi na wasanii wanaolipwa. Ufunguo akae nao mtu anayejulikana, anayepatikana.

Vijana ninaowasema ni wale ambao ubongo wao umeumbwa kufanya kazi kwa njia yake. Wenye usonji. Wenye disleksia, wanaokesha na ukurasa mmoja ilhali wenzao wamemaliza kitabu. Wale wasiokaa kitako, ambao daktari huandika ADHD na mtaani huitwa watundu mpaka wachapwe. Na wenzao wenye sindromu ya Down, ambao wataalamu huwaweka kwenye orodha nyingine, lakini sisi wazazi tunakaa nao benchi moja hospitalini na hatuoni sababu ya kutengana tukifika nyumbani.

Majina mengine mnayajua: zezeta, taahira, punguani, "huyu amechezewa". Ibara ya 54 ya Katiba, kabla hata haijafika kwenye shule na usafiri, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Nimemweleza makanga wa matatu ibara hiyo mara mbili. Wa kwanza alicheka. Wa pili alinirudishia nauli akatushusha.

Sisi tulishaanza bila kumngoja mtu. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, wazazi wanne na watoto wetu, kibarazani kwangu. Bi mkubwa mmoja wa jirani, aliyelea familia nzima kwa kusuka ukili, ule ukanda unaoshonwa kuwa mkeka, alikuja na miyaa yake, yaani majani makavu ya kusukia, mingine nyeupe, mingine ameitia rangi ya zambarau na kijani, akakaa mkekani akaanza kazi. Hakuwafundisha. Hakusema "tazama huku". Alisuka tu. Jumamosi kadhaa zikapita hivyo hivyo. Halafu msichana mmoja, ambaye kwao hakai chini hata wali upoe, alisogea, akachukua miyaa, akaanza kuviiga vidole vya bibi. Leo ukimuuliza amesuka kiasi gani atakupimia kwa mikono, pima baada ya pima, kama wapimavyo wenyewe wa kazi. Anakaa saa nzima. Siku ya kwanza alipofanya hivyo mamake alianza kulia, nami nikamwambia asilie karibu, kilio kitamtoa mtoto kazini. Akaenda kulia jikoni, akarudi na mahamri.

Tazameni ukili unavyosukwa, mtaelewa. Ni mwendo mmoja unaorudi: juu, chini, kunja, ongeza. Mwenye usonji mara nyingi hutulizwa na kitu kinachojirudia, ambacho anajua kitakachofuata. Asiyetulia naye huhitaji vidole viwe na shughuli ndipo masikio yasikie. Na kazi za mikono za pwani yetu zimejaa mwendo huo. Kuna nakshi za milango ya Mji wa Kale, ua moja likirudiwa ubao mzima. Kuna kofia, tundu moja moja kwa sindano, mwezi na zaidi. Kuna ngoma, vumi likirudia neno lake lile lile na chapuo kulijibu. Nendeni Changamwe kwenye ushirika wa wachongaji wa Kikamba, mtamkuta mtu amechonga twiga yule yule tangu asubuhi, na hakuna anayemwita mgonjwa.

Lakini tafadhali msije kwetu kutafuta vipaji. Watu wakisikia usonji na sanaa hutaka kuonyeshwa yule anayechora mji mzima baada ya kuutazama mara moja. Yupo kweli, Stephen Wiltshire wa London hupandishwa helikopta juu ya mji, akashuka na kuuchora jengo kwa jengo. Mwanangu si yeye. Na katika kikundi chetu yupo kijana wa Mtongwe ambaye kazi yake kila Jumamosi ni kupaka karatasi rangi ya samawati mpaka itoboke. Ikitoboka hufurahi, akaomba nyingine. Hakuna atakayeinunua kazi hiyo wala kuitundika ofisini kwenu. Wavulana wanaocheza mpira ufukweni maji yakitoka hawaulizwi kwanza kama watafika Harambee Stars, na huyu wa samawati asiulizwe.

Kuna mwanamke mmoja ningependa mumjue. Judith Scott alizaliwa Ohio, Marekani, mwaka 1943, pacha wa Joyce. Alikuwa na sindromu ya Down, na alikuwa kiziwi, jambo ambalo kwa miaka mingi hakuna aliyeligundua. Akiwa na miaka 7 alipelekwa kwenye taasisi, akaishi huko kama miaka 35, mpaka pacha wake alipomtoa akaenda kukaa naye California. Mwaka 1987 Joyce alimpeleka Creative Growth, karakana ya sanaa ya mji wa Oakland iliyoanzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya watu wazima wenye ulemavu. Kwa karibu miaka 2 Judith hakuonyesha hamu ya kitu. Kisha akakutana na kazi ya nyuzi. Akaanza kuokota vitu, vijiti, vyombo vilivyoharibika, chochote alichokiona, na kuvizungushia uzi hadi vikapotea ndani. Aliendelea hivyo mpaka alipofariki mwaka 2005, na leo kazi zake zimo katika majumba makubwa ya sanaa.

Nimewasimulia kwa sababu ya ile miaka 2. Mradi wa miezi 3, wa aina tunayoletewa sisi, ungemwandikia "hakufaidika" na kiti chake kikapewa mwingine. Na ile karakana ilikuwa wazi siku aliyoinua uzi. Ingekuwa imefungwa, kwa kuwa ufadhili umekwisha na mwenye mradi amehamia kaunti nyingine, tungekuwa hatuna habari naye.

Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 2 Aprili kuwa siku ya usonji, na ikifika huwa tunaalikwa. Fulana za samawati, matembezi, hotuba, soda, picha. Sina ubaya na soda. Ila mwanangu hawezi kutembea nyuma ya gari lenye spika, na fulana zile zina lebo shingoni inayomkwaruza kama kiwavi. Ninazo 4 kabatini, nazitumia kufutia vumbi. Tarehe 3 Aprili simu hailii.

Mwaka jana tulijikusanya tukalipia ukumbi mmoja hapa mjini, sitautaja, ili vijana wafanye mazoezi ya ngoma. Tulifika 11 pamoja na walezi. Bawabu alitutazama, akasema hakuambiwa ni watoto wa aina hii, hawa watavunja viti. Tulisimama juani tukipiga simu mpaka kijana mmoja akaanza kujipiga kichwani, tukarudi kwa tuktuk tatu. Pesa hazikurudi. Bawabu nilishamsamehe, ana mkubwa wake naye. Ila njiani nilifahamu kwamba hata wangetufungulia, ukumbi wa kukodi usingetufaa. Leo viti viko hivi, kesho pamepambwa harusi, keshokutwa wanajaribu spika. Vijana wetu wanahitaji kukuta kila kitu pale walipokiacha, hata kile kikombe chenye ukingo uliopasuka. Ndiyo maana naomba ufunguo.

Vya kuwekwa ndani si vya gharama. Pazia zito. Taa zisizometameta, maana wapo wanaouona mmemetuko wa ile mirija mirefu ambao mimi na nyinyi hatuuoni, wakausikia na mlio wake pia. Kona yenye mkeka na mto, mtu akizidiwa aende bila kuulizwa. Picha ukutani za kuonyesha kinachofuata: kunawa mikono, kazi, chai, ngoma, nyumbani. Watu 8 au 10 kwa kipindi, wasizidi. Nauli za watu wawili, kwa kuwa kijana haji peke yake, na mlezi aliyepoteza siku ya kibarua hana cha kulipia matatu. Hilo la nauli ndilo huua vikundi kama chetu, hata pasipo ugomvi wowote.

Na mara moja moja, onyesho tulivu. Kumbi za maigizo za Uingereza zimekuwa zikifanya hivyo miaka mingi: taa za ukumbini hazizimwi kabisa, sauti hupunguzwa, mtu huruhusiwa kuinuka, kutoka, kurudi, kucheka pasipochekesha. Sisi tulijaribu na taarab. Mzee mmoja mpigaji wa taishokoto, kile kinanda kidogo cha nyuzi, alikuja bila kipaza sauti, akapiga pole pole huku mlango uko wazi. Wimbo wa kwanza wote mwanangu alikuwa chini ya meza. Wa pili akatoa kichwa. Wa tatu alikuwa amekaa karibu na mzee, akitazama zile funguo zikibonyezwa, na mzee, ambaye kwenye harusi hawezi kuvumilia mtoto kumsogelea, alimwacha. Najua Fort Jesus iko chini ya Makumbusho ya Taifa na haimo mikononi mwenu, lakini simu yenu ina uzito kuliko yangu: saa moja tu ya asubuhi, kabla ya wageni, vijana 8 na penseli zao mbele ya kuta ambazo zimesimama tangu 1596.

Malipo. Yule bi mkubwa wa ukili hajaniomba hata shilingi, lakini ana magoti, na miyaa hununuliwa. Mafundi wa nakshi kila siku wanalia kwamba hawana wanafunzi, vijana wote wamekimbilia bodaboda. Hawa hapa wanafunzi, tena hawana haraka. Mlipeni fundi kama mnavyomlipa mshauri anayeshuka kwenye ndege kuja kutueleza umuhimu wa fundi.

Kila atakayeingia chumbani humo awe na cheti cha tabia njema. Wawemo watu wazima wawili wakati wote, na mmoja awe mwanamke. Nalisema waziwazi kwa sababu tunasemwa sana kuwa sisi watu wa pwani tunaficha watoto wetu kwa aibu. Aibu ipo. Lakini wengi wetu tunawaficha kwa hofu. Binti asiyeweza kusimulia alichotendwa ndiye windo la kwanza, na mamake anajua, na wallahi hamtoi mlangoni kwa ajili ya rangi na karatasi. Msipomjibu mama huyo kwanza, chumba chenu kitajaa wavulana watupu na mtaandika kwenye ripoti kwamba wasichana hawakujitokeza.

Sasa msiniambie kazi hii ni ya serikali kuu. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti shughuli za utamaduni na burudani ya umma, zikiwemo maktaba na makumbusho, na limezipa pia vyuo vya ufundi vya vijijini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, una Ibara ya 30 inayotaka wapewe nafasi ya kukuza na kutumia uwezo wao wa sanaa, kwa faida yao na kwa kuitajirisha jamii pia. Hayo maneno ya mwisho hunipendeza. Tumezoea kusikia tunavyogharimu.

Kisha nikaitazama kalenda ya bajeti. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupaswa kuwa umefika kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, mwaka mzima karibu kabla ya fedha zenyewe. Mkakati wa fedha, kufikia 28 Februari. Makadirio, kufikia 30 Aprili. Wekeni hapo katikati ile 2 Aprili yetu. Siku tunayotembea na puto, mkate umeshakatwa, kilichobaki ni kuupanga kwenye sahani. Ndiyo maana siwaandikii Aprili tena, na nawaomba wazazi wenzangu mkienda kutoa maoni muende mapema, kwenye ule mpango wa Septemba, na muulize chumba kimewekwa ukurasa gani. Mpango wa miaka mitano wa kaunti unaishia 2027. Unaofuata utaandikwa, na asiyetajwa mle atangoja mitano mingine. Mwanangu atakuwa anakaribia 30.

Na hiyo mikutano ya maoni yenyewe: ukumbi umejaa, kipaza sauti kinakoroma, unapewa dakika zako mbili, kitabu cha makadirio ni cha Kiingereza na kimejaa tarakimu. Fanyeni kikao kimoja tulivu kwa vijana hawa. Wekeni picha mezani, hiki chumba, hii bustani, hii ngoma, waelekeze kidole. Wasioweza kusema wana maoni makali sana, amini usiamini. Mimi huyapata kila asubuhi kuhusu chai.

Mtasema fedha hakuna. Sijaomba jengo. Zipo kumbi za jamii, yapo madarasa ya vyuo vya ufundi yanayokaa bila kazi Jumamosi. Na Mombasa hii hii ilishawahi kufanya kubwa kuliko hili. Karakana za Bombolulu zilianzishwa mwaka 1969, chini ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu nchini Kenya, na watu wenye ulemavu wa viungo wakatengeneza vito, nguo na mikoba, wageni wakawa wanashuka kwenye mabasi kuja kununua. Watu ambao mji ulikuwa umewazoea mlangoni mwa misikiti wakinyoosha mkono, ukawaona wakipokea mshahara. Kule palihitajika njia ya kiti cha magurudumu na meza ya kimo chao, ikajengwa. Wangu wanahitaji ukimya, muda, na kuona sura ile ile kila wiki. Havionekani kwa macho na havipigwi picha vizuri siku ya uzinduzi, nafahamu.

Karibuni mtutazame. Jumamosi, saa tatu asubuhi. Mheshimiwa Gavana, ukija njoo kwa feri kama sisi, na msafara uuache ng'ambo ya kisiwani, king'ora kisilie. Usimpe mwanangu mkono, hapendi kushikwa, na asipokutazama usidhani amekudharau. Kaa mkekani, bi mkubwa atakusogezea miyaa. Ukikaa muda wa kutosha, pengine atakuuliza umevuka na ipi. Itabidi uwe umesoma jina.

Ni mimi mamake,
Likoni